Dawa ya Upepo wa Shelisheli

Kumsenga,
Kibondo,
Mkoa wa Kigoma.
11 Desemba 1977

Mpendwa mdogo wangu Leonidasi,

Salamu zangu zivuke maji yote hayo zikukute mzima. U hali gani? Unakula vizuri? Wale wageni wa hoteli bado wanakuita kwa jina lako au wameshindwa kulitamka? Sisi huku tunapumua. Shemeji yako Stanislaus anakusalimu, mguu wake umepona na sasa hana tena kisingizio cha kutokwenda shamba. Mtoto ameota meno na anauma kila mtu bila ubaguzi. Mvua zimewahi mwaka huu, maharage yamechanua.

Tangu asubuhi nazirefusha salamu hizi kwa makusudi, na sasa zimekwisha. Kama uko kazini, ikunje barua, uisome ukiwa umekaa.

Baba ametutoka. Tulimzika Kitahana mwishoni mwa Oktoba, nyuma ya nyumba, jirani na bibi. Alishikwa na kichomi, na hospitali walijitahidi, lakini kifua kilikuwa kimekwisha kujaa. Nimelia mpaka nimechoka, nikipumzika naanza tena. Nisamehe kwamba umechelewa kujua. Stanislaus alikwenda hadi Kibondo mjini kuomba wakutafute kwa simu ya upepo, akaambiwa shelisheli ni tunda, aseme nchi.

Ningeweza kuishia hapo, Mungu anajua nilitaka. Lakini kuna jambo lazima ulijue, kwa sababu usipolijua utaandika neno moja tu la kweli na mama yetu atavunjika kabisa.

Unaikumbuka ile barua yako ya Agosti? Mimi nilikuwa huku kwa mume wangu, kwa hiyo aliyewasomea wazee ni katekista Ildefonsi. Uliandika hivi: "Upepo wa huku ni mkali, umenishinda. Kila nikisimama unanitupa pembeni, na watu wananicheka." Hukusema ulikuwa unacheza. Labda uliona aibu kumwambia Baba kwamba mtu mzima unafukuza kimpira kwenye majani. Ildefonsi akasoma kama ilivyo.

Mama anasimulia kwamba Baba aliuliza, "Upepo si umuyaga?" Ildefonsi akamjibu ndiyo, ni umuyaga. Baba akasema, "Oya, hapana. Umuyaga unaezua nyumba. Haumshindi kijana mwenye miguu miwili akachekwa." Kesho yake akashika njia kwenda dukani kwa Tamimu, kwa kuwa Tamimu ni mtu wa Tanga na mambo ya baharini anayajua. Akamuuliza upepo wa pwani unamfanya nini mtu. Tamimu hakuiona barua, masikini, alijibu alichoulizwa. Akamwambia, "Mzee Bazilio, huo usiufanyie mchezo. Kwetu mtu akiwa na upepo huanguka, hutupwa huku na huku, mpaka apungwe kwa ngoma."

Unaona ilivyokuwa. Kiswahili hiki tumekikuta shuleni na sokoni, hatukukinyonya. Baiskeli inajazwa upepo, wakubwa wanakwenda kupunga upepo, polisi wana simu ya upepo, na kumbe kuna upepo mwingine unaompanda mtu kichwani. Baba alichagua ule uliomtisha zaidi. Ndivyo mzazi anavyochagua siku zote.

Hakumwambia mtu. Alipanda lori la mahindi mpaka Kasulu, kutoka hapo akatembea hadi Munanila kwa Baba Mkubwa Ntirampeba, yule mganga, ambaye unajua hakusemezana naye tangu ugomvi wa ng'ombe. Alikwenda akapiga magoti kwa mtu aliyeapa kutompa mkono tena. Ntirampeba akamchimbia mizizi, akaitajia jina lako, akamwelekeza: nusu ya kunywa, nusu ya kuoga. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imekata barabara, magari hayapiti. Baba alitembea na mvua mgongoni, koti lake amefungia dawa isilowe. Alifika Kitahana anatetemeka.

Kitandani alikuwa na neno moja tu: dawa iende posta. Ildefonsi, katekista mzima na rozari yake mfukoni, akaibeba mizizi ya mganga mpaka mjini. Posta wakamwambia mizizi haitoki nje ya nchi. Akaificha kwake, akarudi akamwambia Baba imekwenda. Baba akasema "Imana ishimwe," Mungu ashukuriwe, na hakuongea tena mengi. Sijui kama Mungu atamdai Ildefonsi uongo ule. Mimi simdai.

Basi wiki iliyopita nilikuwa Kitahana, na barua yako ya pili ikafika ikiwa na picha. Hii niliisoma mwenyewe. Nilisoma kwanza peke yangu, kimya, na hapo ndipo nilipoufahamu upepo wako. Kumbe ni uwanja wa majani kando ya bahari, wenye vijibendera, na hoteli inawaachia wafanyakazi wacheze Jumatatu. Kumbe kuna fimbo ya chuma na kimpira cha kuingiza shimoni, na anayepiga mara chache ndiye bora. Kumbe upepo wa bahari ndio uliokuwa unaudaka mpira wako ukiwa angani na kuutupa majini, ukashika mkia katika mashindano ya Agosti, wapishi wakakucheka. Na safari hii ulijifunza kuupiga chini chini, ukiambaa na majani upepo usiuone, na kwenye shimo la mwisho, lile la karibu na mawimbi, ukauingiza wakati wapishi wanaokota mipira yao baharini.

Ndugu yangu, nilikaa na karatasi ile mapajani nikatamani kucheka na nikashindwa. Kwa mchezo. Baba yetu alikwenda Munanila kwa ajili ya mchezo.

Mama akanitaka nimsomee. Nikatafuta mahali pasipo na madhara, nikamsomea mstari mmoja: "Safari hii nimeushinda upepo." Nilidhani huo hauna kitu. Mama akainuka mkekani, yeye ambaye tangu mazishi tunamwinua kwa mikono. Akasema, "Imefika. Dawa ya Bazilio imefika." Akaichukua picha. Unajua ulivyosimama pale, upepo umelijaza shati lako mpaka limetuna. Mama akapitisha kidole tumboni pako akasema, "Mwana wanje, mwanangu huyu, amenenepa." Kisha akauliza mbona malisho mazuri hivyo hayana hata ng'ombe mmoja. Jioni ile alikula ugali. Tangu hapo anawaambia wanaokuja kumpa pole kwamba mzee hakufa bure, alimwokoa mtoto wake na upepo.

Sikumsahihisha, na sitamsahihisha. Ndiyo maana nimekwambia yote, ingawa najua nimekuwekea jiwe kifuani ambalo mtu wa kukusaidia kulibeba huko hayupo. Nimekaa siku zote hizi nikipima ni yupi nimhurumie, wewe au yeye. Wewe una nguvu. Nisamehe.

Usijihukumu. Uliandika neno la kawaida la kila siku, na mtu aliyekupenda kuliko wote duniani akalisikia kwa hofu. Hakuna aliyekosa. Ningempata mkosaji ningelala vizuri zaidi.

Ninachokuomba ni hiki. Andika barua mbili. Moja niletee huku Kumsenga, ulie humo utakavyo, nitalia nawe. Nyingine ipeleke Kitahana kwa mama, Ildefonsi atamsomea. Mwambie umepona. Mwambie Ntirampeba asalimiwe, maana alikuja mazishini na akamwaga udongo kabla ya wote. Usitaje bendera wala mipira. Na usiache kucheza, nakusihi. Cheza Jumatatu zako, shinda wapishi. Kama Baba alikwenda kote kule ili usimame wima mbele ya upepo huo, basi simama.

Wanakusalimu Stanislaus, shangazi Maximilla wa Kasulu, Ildefonsi, na Tamimu ambaye hajui lolote na hatajua. Mungu aliyempokea Baba akutunze juu ya kisiwa hicho, akurudishe siku moja tukuonyeshe alipolala.

Mama amenituma swali, nalo naliandika mwisho nisije nikalisahau. Anauliza kama dawa ilikuwa chungu. Mwambie ilikuwa chungu sana.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa niaba yangu na ya aliyetangulia,

Theodosia