Sahani ya Mama Nuala

Cork, 6 Aprili 2025

Dada Masouda,

Assalaam alaykum. Goti lako linaendeleaje? Mie mzima, ila tumbo limenuna.

Hawa watu wa Ireland Mungu kawapa mvua, majani na ng'ombe, viungo kawanyima. Leo mwanangu Taimur kanipeleka mkahawani, likaletwa duara jeusi kama kiatu. Kuuliza, naambiwa ni damu ya nguruwe! Astaghfirullah. Supu ya samaki wanaitia maziwa. Mkate wao wa magadi ungefaa kuzuilia mlango. Chai tu ndiyo siitoi kasoro.

Kesho tunakwenda kwa kina Nuala, msichana ambaye Taimur anataka kumuoa. Nimebeba haluwa ya kwetu Sib, angalau nyumba ile ionje kitu chenye ladha.

Mdogo wako, Mahbuba

Cork, 8 Aprili

Dada,

Salaam nyingi. Tulikwenda. Mama yake Nuala kahangaika kutafuta kondoo wa halali, hilo nakiri. Kisha akamchemsha kwa maji na chumvi, kama anafua nguo! Pembeni viazi vya kuponda vimechanganywa na kabeji. Sikugusa. Nikala haluwa yangu mwenyewe.

Taimur tangu jana hasemi na mie. Kazi zinamchosha, nadhani.

Mahbuba wako

Ansab, 9 Aprili

Mahbuba,

Wa alaykum salaam. Goti afadhali. Wewe je, akili ipo?

Taimur kanipigia simu analia, mtu mzima. Umesahau tulipokwenda kumposea kaka yetu Aflah? Mama yetu hakutia hata tonge mdomoni, na sote tukajua msichana kakataliwa. Kwetu mama akiacha chakula ukweni, keshajibu. Taimur kakulia nyumba hii, anajua. Kamwambia Nuala kuwa hawezi kumuoa bila radhi yako, na keshaomba uhamisho wa kazi, aende Canada peke yake. Msichana wa watu hajui hata kosa lake.

Umemkataa Nuala, au umekataa kabeji?

Dada yako

Cork, 11 Aprili

Dada,

Salaam. Barua yako niliisoma kwenye simu, mara mbili. Wallahi nilikataa kabeji.

Jana nimemburura Taimur mpaka kule, bila kualikwa. Nikamwambia mama yake Nuala, "Nna njaa, nataka chakula kile kile." Akaniangalia, kisha akaenda kumenya viazi. Nuala kakaa mbali, macho mekundu.

Nimekula, dada. Sahani nzima. Kibaya kama nilivyodhani, hakina hata harufu ya kitunguu thomu. Nilipomaliza nikaomba nyengine. Hapo Taimur akaniwekea kichwa begani mbele ya watu, akalia. Mama yake Nuala akadhani viazi vimeungua, akakimbilia jikoni.

Nilikaribia kumpoteza mwanangu kwa mdomo wangu huu. Nimeogopa sana.

Watangazie watu wa nyumbani kwamba tumeposa, na Canada haendi mtu. Na unitumie bizari, karafuu na pilipili manga, usihesabu vijiko, maana huku sasa ndio kwa wakwe zangu.

Mdogo wako, Mahbuba