Kiti Nilimupa Neema Apeleke Mize

Siku ya kwanza ya juma, 7 mwezi wa saba
Nimemuosha Neema, nimemupaka mafuta, ameenda. Shule zimefungwa, ni juma la pili la masomo ya vakansi kule mize, nyumba ya vitu vya zamani. Masomo ni ya bure: ndege na miti kwanza, kisha historia ya mababu. Monitrisi, mwalimu wao, amesema hajaona mutoto wa miaka kumi anayejua ndege hivi. Mimi niliachia shule darasa la tano. Lakini akili haitoki hewani, inatoka kwa mama.

Siku ya tatu, 9
Kesho kila mutoto alete kitu cha zamani cha kwao, asimulie. Jirani ametoa chungu cha bibi yake, anakitembeza kila nyumba ya kartie. Chungu chenye ufa! Mimi nimetoa kile kiti cha miguu mitatu. Nimemufundisha Neema: sema kilichongwa na baba ya babu yako, muzee wa ng'ombe mingi.
"Kweli, mama?"
Nikasema kweli.
Si kweli. Marehemu mume wangu alikileta wakati wa vita, mwaka ule watu walikimbia. Alikibeba kichwani, mvua inanyesha. Sikuuliza.

Siku ya nne, 10
Neema amewashinda wote! Alisema bila kutetemeka, watu wakapiga makofi. Kiti kimewekwa meza ya mbele, na karatasi yenye jina letu. Nililia kidogo, sina haya.
Kitu kimoja. Mama Riziki, mama ya rafiki wa Neema, alikigeuza kile kiti juu chini. Akapitisha kidole. Akamushika binti yake mukono, wakaenda. Hata kuaga, hapana.

Siku ya tano, 11
Riziki hakukuja kumupitia Neema. Mulinzi wa mize anasema wanaume wawili walifika kuuliza: mutoto wa kile kiti, kwao ni wapi? Akawaonyesha. Mujinga. 

Siku ya posho, ya sita, 12
Sokoni wanawake wa upande wa Mama Riziki, wale waliokimbia wakati wa vita, waligusana viwiko nilipofika. Kisha mumoja, kwa nguvu: "Mama Neema, karibu! Na leo unakalia nini?" Wakacheka. Mimi hapana.
Miaka hii sisi na wao tunauziana maziwa na muhogo, tunaimba kwaya moja. Nilifikiri ile ya vita ilikwisha. Kumbe ilikaa kimya tu.

Siku ya kwanza ya juma lingine, 14
Wanaume wawili wamesimama nje ya uzio wa lupango letu tangu asubuhi. Wanaangalia mulango tu. Nimemufungia Neema ndani. Analia, anataka masomo yake.
Nimemuita shemeji, ndugu ya marehemu. "Nyamaza," amesema. "Ukikubali kiti ni chao, watauliza na habari ya watu." Watu gani? Amevaa kofia, ameenda.
Naogopa. Si juu yangu, juu ya mutoto. Yeye ndiye alisimama mbele ya watu wote, na uongo wangu mu kinywa chake.

Siku ya pili, 15
Nimekitoa kiti mize, nimekipeleka kwa Mama Riziki. Neema pembeni yangu. Kumuacha nyumbani niliogopa zaidi. Wale wanaume wakatufuata, hatua kwa hatua.
Nimesema: mutoto hana kosa. Uongo ni wangu.
Mama Riziki hakupaza sauti. "Dada, angalia chini yake. Alama tatu za moto. Baba alichoma moja kila alipozaa binti. Ile ya mwisho ni mimi. Siku tulikimbia, miguu yake ilikataa. Tulimuacha amekalia hiki."
Kisha: "Nani alikitoa chini yake?"
Nimetaja jina la mume wangu. Neema akasikia.
Mama Riziki akageukia wale wanaume. Kumbe ni kaka zake. "Mutoto mumuache," amesema.
Mutoto. Mimi hakunitaja.

Siku ya tatu, 16
Wanaume hawapo mbele ya lupango. Nimemusindikiza Neema mpaka mize. Njiani ameuliza papa yake alimufanya nini yule muzee wa kiti. Nimejibu sijui. Ni kweli, sijui. Alitangulia, hakugeuka.
Mulangoni akasema, "Sasa rudia nyumbani, mama."
Nimerudi nyumbani. Nimeteka maji, nimewasha makala ya kupikia. Watoto watatoka mize saa sita.