Moshi wa Kwenye Mwinuko wa Daraja

Kyela,
Jumapili, 8 Juni 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Leo nimeweka nia ya kukueleza kila kitu, hata yale ambayo mjomba amesema hayana haja ya kuandikwa. Kwa hiyo ukae kitako, na kama kuna vitumbua motoni viepue kwanza. Baba naye nampa shikamoo yake. Akirudi shamba msomee. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Mjomba Athumani ni mzima na duka linakwenda vizuri. Mkewe pia hajambo, ila jino linamsumbua na hataki kulisikia neno koleo. Zaidi ya wote nataka kujua hali ya Salimu.

Barua yako ilinikuta siku tuliyofunga shule. Niliisomea palepale dukani, kati ya mabunda ya khanga na katoni za sabuni, kisha nikairudia. Unasema dawa ya zahanati imekwisha na kikohozi cha mdogo wangu hakijakwisha. Unasema bibi anadai ni baridi ya alfajiri, na baba anadai ni vumbi. Na kwa kuwa huwezi kumwacha peke yake nyumbani, kutwa anashinda nawe hapo Bweni, chini ya meza yako ya vitumbua, pale magari yanaposhuka kwenye pantoni na kuanza kupanda kilima. Mama, tangu siku ile ninamfikiria kila ninapokunywa chai. Na juma hili nimeona jambo ambalo huenda linamhusu. Ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Mjomba amempangisha chumba cha uani mgeni kutoka Dar es Salaam. Ni mwanamke, anaitwa Eliwaza, ni mhandisi na bado anasoma chuo kikuu. Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya mjomba, inaonekana miguu tu. Mke wa mjomba akaninong'oneza, "Huyu ndiye mgeni niliyempikia wali wa nazi?"

Kazi yake ni kupima moshi wa magari. Anasema magari yaliyokwisha kutumika yanaingia nchini kwa wingi siku hizi, na ni kweli, maana hata pikapu ya mjomba bado ina maandishi ya Kijapani mlangoni ambayo hakuna anayejua yanasema nini. Dereva wake, Baba Lugano, huwaambia abiria kwamba yanasema watoto hawapandi bure. Basi, Dada Eliwaza anasema mtu akitaka kujua gari linatoa moshi kiasi gani, hulipima gereji, limesimama, injini inanguruma polepole. Yeye anataka kujua linatoa moshi kiasi gani likiwa barabarani, lina mzigo, kama linavyotumika kila siku.

Kifaa chake si kikubwa. Ni pampu ya mkono, inafanana na ile ya baiskeli, ila hii badala ya kusukuma hewa inavuta. Ina mpira mrefu ambao ncha yake inafungwa kwa waya ndani ya bomba la moshi. Kati ya mpira na pampu unaweka kipande cha karatasi nyeupe, cha mviringo. Ukivuta, moshi unapita kwenye karatasi na masizi yanabaki. Halafu unailinganisha karatasi yako na kadi yenye madoa yaliyopangwa kuanzia jeupe hadi jeusi, na unaandika umefikia doa la ngapi.

Alihitaji mtu wa kukaa nyuma na kuvuta pampu wakati yeye yuko mbele na dereva. Mjomba akasema, "Mwanaidi yuko likizo na ana mwandiko mzuri." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na kwa kuwa wewe ni mwanamke, dada yangu hatanilaumu." Nimekuandikia maneno yake yalivyo ili usimlaumu.

Gereji, karatasi ya kwanza ilitoka karibu nyeupe. Baba Lugano alifurahi mno. "Si niliwaambia? Gari hili halivuti hata sigara!"

Kesho yake tulitakiwa kwenda Matema na kurudi. Asubuhi nikamkuta Baba Lugano ameiosha pikapu mpaka chini, ameifuta hata bomba la moshi kwa kitambaa, na yeye mwenyewe amevaa shati la kanisani. Nyuma hakukuwa na mzigo hata mmoja. Wale abiria wake wa siku zote aliwaambia leo kuna mgeni, wasubiri kesho. Barabarani alikwenda taratibu kama gari la maziko. Kuku walitupisha, kisha wakaturudia. Tulipofika Ipinda, Dada Eliwaza alimwomba asimame.

"Baba Lugano, kila siku unaendesha hivi?"

"Hapana, dada. Kila siku naendesha vibaya. Leo nimejitahidi."

Dada Eliwaza alicheka hadi akaegemea mlango. Mama, huku mgeni anaheshimiwa kweli. Ukipita kwenye nyumba ya mtu huondoki bila mkungu wa ndizi. Kwa hiyo Baba Lugano hakuwa anamdanganya mtu. Alikuwa anamkaribisha. Dada Eliwaza akamwambia, "Heshima yako nimeipokea, na ndaga fijo." Hiyo ndiyo asante sana yao. "Sasa nataka kuiona kazi yako. Kesho pakia kama hunijui."

Siku iliyofuata akapakia kama hatujui. Tulipeleka chumvi na sabuni za mjomba hadi Lyulilo, soko lililo ufukweni mwa ziwa, karibu na Matema, ambako vyungu vinakuja kwa mitumbwi kutoka kwa mafundi wa Kikisi. Nilikununulia chungu kidogo chekundu, chepesi kuliko unavyofikiri; sijui kitafikaje huko kikiwa kizima, lakini nimekwisha kukinunua. Kurudi tulijaza matenga ya usipa, ambao ni dagaa wa huku, na vyungu vilivyofungwa kwa majani ya migomba, na akina mama juu yake. Mimi nilikaa nyuma kabisa na pampu yangu. Pembeni yangu alikaa bibi arusi mmoja, Atupele, aliyeolewa baada ya mavuno ya mwaka jana. Alinicheka njia nzima. "Wewe mtoto wa pwani, umekuja mbali kote huku kunusa moshi? Kwenu hakuna?"

Nikamwambia kwetu upo. Nikamkumbuka Salimu.

Kwenye tambarare, mashamba ya mpunga yakiwa pande zote, karatasi zangu zilitoka za kijivu, za doa la katikati. Nilikuwa nimeanza kuzoea. Dada Eliwaza akigonga bati mara moja, navuta. Tukafika penye daraja, ambapo barabara inainuka ghafla na mvua zimeacha tope. Baba Lugano akakanyaga mafuta. Tulipofika katikati ya mwinuko, mzee mmoja akanyoosha fimbo yake tusimame.

"Mwe! Baba mkwe!" Atupele akajitupa katikati ya matenga ya usipa na kujifunika khanga gubigubi.

Lazima nikueleze hili. Huku mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Hamtazami wala hamtaji jina, na wakikutana njiani yeye hutoka njiani akainama mpaka mzee apite. Mzee naye hugeuza uso. Si ugomvi hata kidogo. Ni heshima, na wanaishika sana.

"Simama, Baba Lugano!" Atupele alisema chini ya khanga. "Ukimpita umemwaibisha, ukimpakia umeniua!"

Baba Lugano akasimama palepale. Akatoa kichwa dirishani, akamwamkia kwa lugha yao. "Ugonile, tata! Mkweo yumo humu!"

Mzee akageuka mara moja, akatazama mashamba. "Basi nendeni zenu. Mimi nitatembea."

"Kwa mguu huo uliovimba?"

"Mguu ni wangu."

Akina mama wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja mwenye vyungu akasema, "Jamani, tumfunike bibi arusi na turubai kama chumvi ya Athumani!"

"Nifunikeni," Atupele akajibu, "lakini mtu asinikalie!"

Ikawa hivyo. Turubai likatandazwa juu yake, kipande kingine kikaning'inizwa kwenye dirisha la nyuma ya dereva. Dada Eliwaza akashuka, akampa mzee kiti chake cha mbele. Mzee alikuja kinyumenyume kama kaa, ameshikwa mkono na Baba Lugano, macho yake yote kwenye mpunga, hadi akaingia na mlango ukafungwa. Dada Eliwaza akapanda nyuma, akakaa nami juu ya gunia.

Akasema, "Vuta mara tu gari litakapoanza."

Nikasema, "Lakini dada, tulikubaliana tupime gari likiwa kwenye mwendo."

"Tulikubaliana kabla hatujakutana na baba mkwe."

Pikapu ikanguruma, ikatetemeka, haikutoka. Halafu ikaanza kujivuta, na moshi ukatufunika wote. Chini ya turubai Atupele akapiga kelele, "Mnaniua kweli sasa!" Nikavuta pampu huku nimefumba macho. Nilipotoa karatasi sikuamini. Ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Niliiweka kwenye kadi, nikasogeza, nikasogeza.

"Madoa yamekwisha," nikasema.

"Naona," akasema Dada Eliwaza. Akaishika ile karatasi kwa kucha, asiichafue, akaitazama mpaka tukavuka daraja.

Siku zilizofuata tulirudi pale na magunia ya mchele wa mjomba, bila wakwe, tukasimama katikati ya mwinuko na kuanza tena, tukasimama na kuanza tena, Baba Lugano akilalamika kwamba watu watasema amesahau kuendesha. Kila mara ilikuwa vilevile. Gari likiwa linakwenda, kijivu. Likianza kupanda kutoka kusimama, na mzigo, nyeusi. Dada Eliwaza alinieleza kwamba hapo dereva anakanyaga sana, dizeli inaingia nyingi kuliko hewa ya kuichoma, inatoka nje bila kuungua vizuri. Nikamwambia ni kama mafiga yaliyosongwa kuni mpaka moto unakosa pumzi. Akasema ndiyo, ni hivyo hasa. Pia tuligundua fundi alikuwa ameifungua zaidi pampu ya dizeli ya injini ili gari lipate nguvu. Imerudishwa kidogo, na moshi umepungua kidogo, ila Baba Lugano anasema sasa pikapu inapanda kama mguu wa yule mzee.

Hapo ndipo nilipoiona meza yako, mama. Gari limejaa, limesimama kwenye pantoni, linashuka, linakanyagwa mafuta na kuanza kupanda. Kila gari linalovuka lazima lifanye hivyo, mbele yako, na bomba liko chini, usawa wa mtoto aliyekaa kwenye mkeka.

Jana alasiri, tukiwa uani tunachagua mchele, nilimweleza Dada Eliwaza habari za Salimu. Nilimwambia, "Nitamwandikia mama kwamba ni moshi."

Akaacha kuchagua. "Umekipima kifua cha Salimu?"

"Hapana."

"Hata mimi. Mimi najua bomba la moshi, sijui kifua cha mtoto. Inawezekana bibi yako yuko sawa. Usimpelekee mama yako jibu ambalo hulijui, atahamisha meza yake na kupoteza wateja, na mtoto aendelee kukohoa."

Nikauliza, "Basi nimwandikie nini?"

"Ukitaka kujua kama kitu fulani ndicho kinachosababisha, tafuta siku ambayo kitu hicho hakipo, na mengine yote yapo vilevile."

Nilifikiri mpaka mchele ukaisha kwenye ungo. Kisha nikapata. Nilipomwambia, alitikisa kichwa kukubali, akaniuliza kidato cha tatu nitachukua masomo gani. Nikasema fizikia. Akasema "Vizuri," kama mtu aliyeambiwa chai iko tayari. Mama, nilifurahi kuliko kama angenisifu.

Mengine ni ya kawaida. Mvua zimepungua, wanavuna mpunga, na kila uwanja umeanikwa kakao inayonuka kama togwa iliyolala. Nasali, nakula, na nimenenepa kwa ndizi. Atupele alipita dukani kununua sabuni, akaniambia mkwewe anamsifu yule mhandisi aliyempisha kiti. Nikamuuliza kajuaje, kama hawaonani? Akasema, "Haonani nami. Mume wangu anaonana na wote wawili."

Msalimie sana bibi, umwambie sikusema kwamba amekosea. Msalimie shangazi Mwanahawa aliyenisuka kabla ya safari, mtindo wake uliniingiza shuleni kwa heshima. Msalimie mwalimu wangu wa darasa la saba, umwambie mwandiko wake umenipatia kazi. Baba mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Salimu mbusu utosini, na umwambie Lyulilo kuna samaki wadogo wa rangi ya buluu kabisa, nimewaona kwa macho yangu.

Mimi binti yako anayekupenda,
Mwanaidi

Swali nimeliweka chini ya jina langu lisije likapotea katikati ya maneno mengi. Nijibu upesi, hata kwa mstari mmoja, na unijibu ulivyoona, si kama unavyodhani nitapenda. Zile siku pantoni inapoharibika na hakuna gari linalopanda, nawe bado umekaa mezani unawauzia watu wa mitumbwi, na Salimu amelala palepale kwenye mkeka wake, huwa anakohoa vilevile?