Rehema Azima Mashine Kibirizi

Mke wangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka nilikozaliwa, ambako sasa naulizia njia.

Leo nimemsindikiza Rehema wetu kazini, ghala la dagaa Kibirizi. Anajaribu programu inayoendesha seva zote za ofisi ndani ya mashine mbili, moja ikizimika nyingine ipokee kazi. Ikishindwa, mkataba wake hauendelei. Alitaka kutumia taarifa za majaribio tu, si za mizigo halisi, lakini tajiri wake, Mama Nyamwiza, alikataa.

“Binti, dagaa wa juu ya gunia ni wazuri siku zote. Mimi huchota chini. Zima tukiwa tunapima mzigo.”

Rehema akavuta waya wa mashine moja, foleni ikiwa imefika mlangoni. Kioo cha mizani, iliyounganishwa na mashine hizo, kikaganda.

“Imekufa hiyo,” karani wa mizani akasema.

“Subiri,” Rehema akajibu.

Mashine ya pili ikapokea kazi, uzito wa gunia la mwisho ukarudi kiooni. Mama Nyamwiza hakutabasamu.

“Iwashe. Sasa zima ile nyingine.”

Mara ya pili mwanetu alivuta waya bila kusita, na uzito ukarudi tena kiooni. Mkataba wake unaendelea. Mwombee, nawe usisahau dawa zako.

Mumeo akupendaye,
Baba Rehema