Sauti Yako Nyuma ya Ukuta wa Kukhu

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu utuache Novemba ile ya mvua, na bado asubuhi tukisikia kengele ya baiskeli barabarani hapa Busibwabo, lazima mmoja wetu ainue kichwa. Kisha anakumbuka, anarudi kwenye chai yake.

Mimi Winny, binti yako, ndiye niliyeshika kalamu. Kaka yangu Mathew alitaka tuandike machache tu: jina lako, picha na mstari wa Biblia. Mama akamwuliza kama wewe ulikuwa mtu wa maneno machache. Mathew akanisogezea daftari, kwa hivyo naandika.

Wasiokujua wajue kwamba ulibeba watu mpakani Busia tangu ujana wako, siku zile boda boda ilikuwa baiskeli na jasho, mafuta hayajulikani. Ulivusha wachuuzi wa mayai, akina mama wajawazito, mapadri, walevi, na mara moja bwana arusi aliyechelewa arusi yake mwenyewe. Pikipiki zilipokuja vijana wa steji walikuhimiza uuze hicho chuma. Ukawaambia abiria wa pikipiki hufika na upepo masikioni, wa kwako hufika na habari. Hata magoti yalipokataa, ukaketi chini ya mwavuli karibu na soko ukitengeneza baiskeli za wenzako, na habari zako uliendelea kuzigawa kwa yeyote aliyepita.

Lakini tukikaa jikoni sasa tukikutaja, hatutaji mpaka. Tunataja safari za Rukala.

Kila mwaka, siku inayofuata Krismasi, ulitutoa kitandani kungali giza ukatupanga kwenye baiskeli kwenda kwao Mama. Mama alikaa nyuma yako, kwenye keria uliyoitandika sponji kwa ajili yake. Sisi watoto, Mathew, mimi na Brendah, tulipokuwa wadogo tulibebwa na rafiki zako wa mpakani, uliowabembeleza kwa ahadi ya samaki. Tulipokua tukapewa za kuendesha wenyewe. Tulipooa na kuolewa msafara ukawa mrefu mpaka watu wa Matayos wakauliza ni mazishi au ni kampeni. Echodu, mume wangu, Mteso wa Malaba, alikuja mara ya kwanza akidhani ameoa kwa watu wa kawaida. Akajikuta anasukuma baiskeli kwenye mlima wa Funyula na gunia la viazi vitamu juu ya keria. Mpaka leo anadai mahari yake nusu aliilipa kwenye mlima ule. Binti yetu Sharlyne alianza safari hizo akiwa mgongoni mwangu, na Krismasi yako ya mwisho alikuwa akiongoza msafara, anatuzomea kwamba tumezeeka.

Mlimani kila mtu alishuka isipokuwa Mama. Ulikataa ashuke. Ulimsukuma akiwa ameketi kama malkia, wewe unahema, yeye anakusuta kwa ubishi wako, na mimi nilijua kwamba yale mabishano ndiyo yaliyokuwa raha yenu. Tukifika juu tulipumzika, tukala viazi na mayai ya kuchemsha. Uwanda wote wa Budalang'i ulikuwa chini yetu, mashamba ya mpunga na mto Nzoia ukijikunja kuelekea ziwani. Na kila mwaka uliwaonyesha wajukuu kwa kidole.

"Mnaona kule? Kule mimi nilienda kununua samaki, nikarudi na nyanya yenu."

"Na samaki wakaoza," Mama alijibu, kila mwaka, bila kugeuka.

Hatukuchoka kuisikia. Ungekosa kuisema, nadhani tungegeuza baiskeli tukarudi nyumbani.

Rukala ndiko alikokuwa anakungoja Kukhu, mama yake Mama. Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu, na hata watu wazima wa Rukala humwita hivyo. Heshima ya kwetu inajulikana: mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni, hawashikani mikono, hawali mahali pamoja. Echodu naye anaishika kwa Mama mpaka namcheka, maana Wateso hawako nyuma kwa hilo. Lakini wewe na Kukhu mlikuwa na namna yenu. Ukifika langoni ulipiga kengele. Kukhu alipoisikia aliinuka pale uani, akaingia nyumbani na kufunga mlango. Hapo ndipo uliingia, ukaketi nje, mgongo ukiegemea ukuta wa udongo. Yeye alivuta mkeka akaketi ndani, mgongo wake kwenye ukuta huohuo. Mkaanza kuongea.

Mliongea mpaka samaki walipoiva. Kwanza uliuliza maji ya mto yamefika wapi, halafu ndiyo ukamsalimu, halafu mkaendelea na ng'ombe, bei ya mchele, mapadri wapya, na maovu ya watoto wenu. Kukhu alicheka humo ndani mpaka akakohoa. Sisi tulipita na sahani, sahani yako nje, yake ndani, tukisikiliza. Miaka arobaini na zaidi hamkuwahi kuonana uso kwa uso, na sijawahi kuona watu wawili wanaofahamiana kama nyinyi.

Mwaka ule ukingo wa Nzoia ulipopasuka, nyumba ya Kukhu ilizama, na yeye pamoja na mjomba wetu Oduori, ndugu yake Mama, wakahamia juu ya sehemu ya ukingo iliyobaki pamoja na majirani wote, kwenye mahema. Tulisema mwaka huo safari haipo. Wewe ulijaza unga kwenye baiskeli zote. Tulizibeba mabegani mahali maji yalipofunika njia. Kukhu alikuwa ndani ya hema, na wewe ukaketi nje kwenye matope, turubai ikiwa katikati yenu, mvua inakupiga. Mjomba Oduori alikusihi ukae chini ya hema la jirani. Ukamjibu kwamba turubai ni ukuta mwembamba, siku hiyo unamsikia mama mkwe vizuri kuliko siku zote.

Halafu ukaenda, Baba. Ulilala na maumivu ya kifua, na alfajiri Mama akatuita.

Wakati huo Kukhu mwenyewe alikuwa ametoka hospitalini, mapafu yamemchosha, anapumua kwa shida. Mjomba Oduori alikuja kukuzika, na kabla hajarudi Rukala tukakaa na wazee. Wote tulikubaliana kwamba habari hii itamuua mama wa watu. Asiambiwe kwanza, mpaka apate nguvu. Tulisema kwanza. Hatukusema mpaka lini.

Kukhu alipata nguvu, akaanza kukuulizia. Kila siku ya soko Mjomba alitupigia simu, na sauti yake ilikuja nyuma ya ile ya Mjomba: mkwe wangu yuko wapi? Tukasema ametoka. Tukasema simu yake imezima. Desemba ilipofika na baiskeli hazikuonekana, tukasema magoti yako yameharibika kabisa na Mama anakuuguza. Kwa kweli Mama alikuwa kwenye maombolezo, na hata bila maombolezo hangeenda. Aliniambia hawezi kumdanganya mama yake usoni, na hawezi kumwambia. Kwa hivyo akakaa. Mwanamke ambaye hajawahi kukosa kwenda kwao hata akiwa na mimba kubwa, alikaa jikoni siku hiyo nzima akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Mwezi wa Februari Kukhu alikataa kuweka simu chini. Alitaka kusikia sauti yako, si ya mtu mwingine. Unajua jinsi Mathew alivyorithi sauti yako. Hata kwenye steji watu bado hushtuka akiwaita kwa nyuma. Tukaangaliana. Mama alitoka nje. Mathew akachukua simu.

"Mulembe, Mama. Habari ya siku nyingi? Ni haya magoti tu yananisumbua."

 Kisha Kukhu akasema, "Pole, mwanangu," akarudisha simu kwa Mjomba. Tulishusha pumzi. Mathew akaenda nyuma ya ghala, na tulimsikia akilia, tukamwachia nafasi. Tangu siku hiyo Kukhu hakukuulizia tena. Tulijiambia ameridhika.

Mwaka ulipokaribia kutimia tukaanza kupanga misa yako, nani atapika, padri yupi ataitwa. Mama alitusikiliza, kisha akasema: "Mimi siwezi kumwombea misa mtu ambaye mama yangu bado anamngoja." Hakuna aliyempinga. Mathew akasema atakodi gari, ni nusu siku tu kwenda na kurudi. Mama akasema habari yako haitaenda kwa gari. Tukatoa baiskeli.

Majuzi basi tuliendesha tena, Baba. Mama alikaa kwenye keria ya Mathew. Mlima wa Funyula alitaka kushuka na Mathew akamkatalia, akamsukuma, lakini hapakuwa na mabishano. Juu tulipumzika. Viazi vilikuwepo. Wajukuu wako walitazama uwanda, wakatutazama sisi, na hakuna aliyenyoosha kidole. Nilikukosa pale kuliko nilivyokukosa kaburini.

Tulifika Rukala jua limeanza kupoa. Mathew akapiga kengele langoni, nasi tukasimama tumpe Kukhu muda wa kuinuka aingie ndani, jinsi alivyofanya maisha yake yote.

Hakuinuka. Alikuwa ameketi nje, mgongo kwenye ukuta, upande wako. Alitutazama tukiingia mmoja mmoja, mwembamba jamani, leso imefungwa vizuri kichwani. Mama alipiga magoti mbele yake. Akaanza kusema kwamba kuna neno amemletea, lakini Kukhu hakumngoja amalize.

"Nalijua," Kukhu alisema. "Nimekaa nalo tangu ile siku mlinipa Mathew kwa simu."

Mathew aliinamisha kichwa. Kukhu hakuwa na hasira naye, hata alimwita akae karibu. Alimweleza, polepole kama mtu anayefundisha mtoto, kwamba mkwe wake hakuwahi kumsalimu kabla ya kuuliza maji. Miaka yote ilikuwa maji kwanza, halafu yeye. Siku ile mtu alikuja na sauti ya mkwe wake na hakuuliza maji.

"Nikajua mkwe wangu hayuko," alisema. "Siku hiyo ndiyo nilimzika. Peke yangu."

Mama akamwuliza kwa nini basi hakusema.

"Mlitaka nisijue, nikawaachia. Lakini mlininyima kilio, Zilpa. Mama mkwe asipolia watu watasema nini? Watasema hakumpenda. Mimi nimemlilia huyo mtu ndani ya blanketi, kila usiku, Oduori asinisikie."

Hapo Mama akalia. Na Kukhu, aliyekuwa akiongea taratibu muda huo wote, alifungua kinywa akapiga ukemi ambao sikujua kifua chake kinaweza kuubeba. Aliita jina lako. Jina lako lenyewe, Baba, Bwire, ambalo kwa heshima hakuwahi kulitamka. Majirani walikuja mbio kutoka pande zote wakiuliza nani amekufa. Mjomba Oduori alishindwa kuwaeleza. Mwishowe akasema ni mkwe wetu wa Busibwabo, wakaketi chini nao wakalia, na usiku huo uani kwa Kukhu uliombolezwa kama mtu aliyefariki mchana uleule. Wanawake wa Rukala waliimba. Echodu aliketi mbali, nje ya ua, kwa heshima yake, akilia na leso ya Sharlyne.

Asubuhi Kukhu alikuwa na ombi moja. Anataka kuletwa Busibwabo aone ulipolala. Wazee walianza kushauriana, maana hajawahi kukanyaga boma lako, na mila inajulikana. Aliwasikiliza kidogo tu.

"Nimemsikia miaka arobaini," akawaambia. "Sasa mnipeleke nimuone."

Wazee wakakubali.

Kwa hivyo anakuja, Baba. Jumamosi hii baada ya misa tutamketisha kando yako, na hapatakuwa na ukuta, wala turubai, wala mlango wa kufunga. Na ukemi wake ukisikika mpaka barabarani, mtu yeyote asimwambie anyamaze.

Tunaokukumbuka: mkeo Zilpa, mama mkwe wako, Kukhu wa Rukala, shemeji yako Oduori, wanao Mathew, Winny na Brendah, mkweo Echodu, wajukuu wako wakiongozwa na Sharlyne, wenzako wote wa baiskeli mpakani Busia, na majirani wa Busibwabo.

Daima tutakukumbuka, Baba, na tutakulilia kwa sauti.