Hamaki na Ndara Nyekundu

Baba yangu kipenzi,

Ami Khalfan yuko hapa kwangu Sib, keshakula wali wa Ijumaa na hataki kwenda zake. Nimeona nikuandikie wewe, maana kisa chenyewe ni Hamaki.

Unamkumbuka? Ulikuwa ukitoka kazini uwanja wa ndege unatuletea magazeti ya katuni ya watoto wa Kiingereza, yale abiria waliyoyaacha kwenye viti. Humo mlikuwa na mchezaji mpira mwenye nywele nyekundu, akiguswa kidogo tu anatia watu ngumi, anapiga mateke ndoo za maji, anatolewa nje. Jina lake la Kizungu lilitushinda. Bibi akamwita Hamaki, likamkaa. Mama yako hakujua Kiingereza hata neno, lakini akizitazama zile picha akicheka mpaka anashika mbavu.

"Huyu hajala huyu," akisema. "Mpeni mkate wa kumimina atulie."

Kisha akikutupia jicho wewe, na sisi watoto tukaficha nyuso zetu. Nakupenda, baba, lakini hasira zako zilikuwa karibu mno!

Ndiyo yakatokea yale ya pwani. Mpira baada ya laasiri, na refa ni mdogo wako, Ami Khalfan. Ulimchezea mtu rafu, ukaonywa, ukabisha, ukaupiga mpira mpaka baharini. Ami akataka kukutoa nje, na kadi hana. Akatazama huku na huku, akavua ndara yake nyekundu, akakunyanyulia usoni. Masikini ya Mungu, alichokuwa akitafuta ni rangi tu! Lakini ndara, baba, ya mguuni, mbele ya watu wote, na yeye mdogo wako! Ukaokota kanzu yako ukaenda zako.

Tangu hapo mkawa hamsemeshani, na nyumba zenu zimepakana. Ijumaa zikija, sinia likiwekwa, pahala pa Ami patupu. Bibi aliendelea kuweka kipande cha samaki upande ule, na hakuna aliyekuwa akikigusa.

"Nna watoto wawili tu," alikwambia. "Nataka niwaone kwenye sinia moja kabla sijafa."

Ukajibu aje yeye kwanza. Na upande wa pili wa ukuta Ami alikuwa akisema hivyo hivyo.

Ikafika Ijumaa moja umekuja na gazeti jipya. Bibi akalichukua, akatafuta ukurasa wa Hamaki. Picha ya mwisho: keshatolewa nje, kasimama uso kwa uso na refa, mdomo wazi, na maneno yamejaa juu ya kichwa chake. Bibi hakucheka. Aliitazama, akakupa wewe.

"Anamwambiaje refa?"

Ukasoma kimoyomoyo. Mimi nilikuwa nimeegemea bega lako, na Kiingereza changu cha skuli kilinitosha. Maneno yenyewe yalikuwa: toka mbele yangu kabla sijakupasua pua.

"Nakuuliza, anamwambiaje?"

"Anamwambia..." Ukakohoa. "Anamwambia, nisamehe ndugu yangu, nilihamaki."

"Alhamdulillahi," Bibi akasema. "Kumbe ana akili."

Ukalikunja gazeti, ukavaa kofia, ukatoka. Sinia lilikuwa bado limefunikwa uliporudi na Ami nyuma yako, kavaa viatu vya kamba, na joto lote lile! Bibi aliwasogezea wali. Nawe ukamchambulia Ami samaki, miiba ukaitoa mwenyewe, ukamwekea mbele yake. Sijapata kula wali mtamu kama ule. Na kuanzia siku hiyo mpaka ulipotutoka, hamkukosana tena, isipokuwa kwa mambo ya mpira.

Miaka yote nilijua ulimwomba radhi pale mlangoni kwake. Leo wanangu wamelitoa lile gazeti kabatini, nami nikamsimulia Ami ulivyotusomea. Akashangaa!

"Nisamehe? Baba yako? Wallahi hajapata kuniambia neno hilo, si siku ile wala siku nyengine. Alisimama mlangoni akaniambia, 'Mama anakungoja, wali unapoa.' Basi. Nami nikatafuta viatu."

Tumecheka, baba, mpaka watoto wametuona wendawazimu. Nilikuona kabisa, umesimama pale, kofia umeiteremsha usoni, neno limekukwama.

Kisha Ami akavaa miwani, akanipa gazeti, akaweka kidole juu ya Hamaki.

"Nisomee."

Kiingereza anakijua kuliko mimi, na maandishi ameyaona. Nikamsomea: "Nisamehe ndugu yangu, nilihamaki."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kilemba chake, akaifuta tena.

"Nimemsamehe zamani," akasema. "Na yeye anisamehe ile ndara. Soma tena, mwanangu."

Nimemsomea tena. Sasa katulia, anangoja kahwa, na mimi nna raha moyoni ambayo sikutaka ikupite. Mungu akurehemu, wewe na Bibi, na msalimie.

Binti yako,
aliyesoma begani mwako na akanyamaza