Mwizi wa Njiwa wa Mzee Shomari

Salma mjukuu wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua salama, na mimi bado nagombana na kila gazeti.

Unauliza utawatofautishaje mwewe na kipanga huko Mwanza. Tazama mkia. Wa mwewe umegawanyika nchani kama wa samaki, naye huupindapinda akigeuka. Kipanga mkia wake haukugawanyika, na mabawa yake yamechongoka.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nikiwa msichana hapa Kariakoo, njiwa wa jirani yetu Mzee Shomari walikuwa wakinyakuliwa juu ya bati. Mwewe alikuwa na kiota Mnazi Mmoja, na kila siku tulimwona akiokota utumbo kwenye mabucha. Nikawahutubia vijana wa mtaa kwamba mwizi ndiye huyo.

"Binti, umemwona kwa macho?" Mzee Shomari aliuliza.

"Mzee, mwizi anajulikana!"

Vijana wakanipigia makofi, wakaenda kukiangusha kiota. Makinda wawili walikufa.

Siku ya tatu, mbele yetu sote, kipanga alishuka kama jiwe akaondoka na njiwa mweupe.

Mzee Shomari akanigeukia. "Haya binti, mhutubie na huyu."

Jioni nilikwenda peke yangu Mnazi Mmoja. Yule mwewe alikuwa angali anauzunguka mti wake mtupu, nami nikasimama kumwangalia mpaka shingo ikauma. Nilikuwa nimemsema wiki nzima, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama.

Bibi yako